Mistari ya Manjano

Kila siku ya shule, saa kumi jioni, nilivuka barabara kuu ya Mombasa pale Kambu nikaenda saiba, duka la kompyuta la shangazi Nduku. Nilitazama kushoto na kulia mara mbili, maana malori ya barabara ile hayana adabu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi. Vumbi la Kambu halina haya, ukilifukuza mezani linakwenda kukaa kwenye kiti. Baada ya hapo nilijaza karatasi kwenye printa, nikawachapia barua wazee wasiopenda kibodi, na saa kumi na mbili nikaenda nyumbani na mkate ambao shangazi hakukosa kunipa.

Saiba ilikuwa na kompyuta nne, lakini wateja walitumia tatu tu. Ile namba tatu, iliyo kando ya dirisha, ilifunikwa kwa leso yenye maua mekundu mwaka mzima. Haikuwa mbovu. Mara moja kwa mwezi shangazi aliiwasha, akaisikiliza ikinguruma, kisha akaizima bila hata kuketi. Ilikuwa kompyuta ya baba. Zamani baba alikuwa akiketi hapo kuchora nyumba, matangi na madarasa. Sasa mteja akija na kazi ya michoro, shangazi alimwelekeza Mtito Andei, hata kama mteja alibembeleza na kuahidi malipo mara mbili.

"Michoro ni kazi ya watu wengine," alinijibu siku niliyomwuliza sababu.

Mimi sababu niliijua nusu, kama kila mtu wa kwetu. Mto ulio kati ya soko na kijiji chetu ni mto wa mchanga. Maji hupita siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu kwa miezi. Ndiyo maana watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hujificha ndani ya mchanga, na wakati wa kiangazi akina mama huchimba kidogo tu wakateka. Nilipokuwa na miaka saba, baba alichora ukuta kama huo. Kikundi cha mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi bila malipo, kilibeba mawe kwa miezi mitatu hadi ukaisha.

Mvua ya kwanza ilipokuja, ukuta haukuanguka. Hilo ndilo lililonitisha tangu utotoni. Ulisimama imara, lakini maji yaliuzunguka. Yaliula ukingo wa upande wa kulia, yakajipasulia njia mpya, na ukingo ulipomomoka ulimchukua Mutisya, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akihamisha mbuzi. Ukuta ule uko pale hadi leo, katikati ya bonde, haukushika upande wowote, na mto unapita kando yake. Watoto hawachezi karibu nao. Mimi nikipita jioni huangalia miguu yangu tu.

Ukuta wa namna hiyo huhitaji mabawa. Hizo ni sehemu za ukuta zinazoingia ndani ya ukingo, chini ya udongo, kila upande, ili maji yasipate pa kupenya. Baada ya mazishi wazee walikuja kwetu na karatasi ambayo fundi alijengea. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango.

"Kilonzo, mabawa yako wapi hapa?" mmoja alimwuliza baba.

Baba aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Wakati wa ujenzi alikuwa kazini Kitui, hakuuona ukuta ukiinuka. "Nafikiri niliyaweka," alisema mwishowe. "Lakini sikumbuki vizuri."

Tangu siku hiyo hakuchora tena. Hakuwahi hata kuifungua ile kompyuta atazame kama aliyaweka au hakuyaweka. Mama alisema anaogopa kukuta hayapo. Akawa mlinzi wa usiku katika kituo kimoja cha petroli huko Mtito Andei, na asubuhi hurudi nyumbani kwa njia ndefu ya mlimani ili asiupite mto.

Ijumaa moja shangazi alikwenda Makindu kumwona mgonjwa, akaniachia saiba. Nilikuwa napanga karatasi Mama Mutisya alipoingia. Jina lake ni Kasyoki, lakini kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kumbadilishia. Kwa hiyo kila anayemsalimu humtaja marehemu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mwethya.

"Wakya, Mutanu?" alinisalimu kwa Kikamba.

"Aa, Mama Mutisya."

"Nduku ako wapi?"

"Ameenda Makindu. Atarudi kesho asubuhi."

Aliweka flashi mezani. "Hii ni drawing ya ukuta mpya. Injinia Gakenia wa Kitui ndiye amechora. Inatakikana ikae ndani ya ripoti yetu ya kuomba pesa, iko humo pia, page ya saba. Copy moja ni ya ofisi ya kaunti huko mjini Wote, ingine ni ya fundi. Jumatatu nisipofika Wote na ripoti, tutangoja mwaka mwingine."

"Shangazi hafanyi michoro."

"Najua. Nimetoka Mtito sasa hivi, na yule kijana hana programu ya kuifungua." Macho yake yalikwenda kwenye leso yenye maua, yakarudi kwangu. "Kuna kompyuta moja tu hapa kwetu inaweza. Na wewe umesoma. Nakuamini."

Nakiri kwamba kichwa kilinivimba. Nilijiona injinia. Niliikunja leso, nikapangusa kiti, nikawasha kompyuta namba tatu. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika pale vidole vya baba vilipozoea kupita. Niliketi nikihisi nimeketi mapajani pa mtu.

Mchoro ulifunguka kwenye kioo cheusi. Ukuta ulikuwa wa mistari myeupe, vipimo vilikuwa vya kijani, na mwisho wa ukuta, kila upande, kulikuwa na mistari myembamba ya manjano iliyokatika vipande vipande. Sikujua kwamba wachoraji huonyesha hivyo kitu kilichofichwa na udongo. Nilijua jambo moja tu: printa ya shangazi haina rangi, na ukurasa mweusi ungekunywa wino wote. Kwa hiyo nilibadilisha kioo kikawa cheupe. Mistari ya ukuta ikageuka myeusi yenyewe. Ile ya manjano ikafifia, lakini sikuijali. Nilipiga picha ya kioo, nikaibandika kwenye ukurasa wa saba, nikaivuta kwa pembe hadi ikatoshea chini ya kichwa cha habari. Dakika tano, kazi kwisha.

Karatasi ilipotoka kwenye printa, vipimo vilikuwa na ukungu na ukuta ulikuwa peke yake. Pembeni hapakuwa na kitu. Niliona kwamba kuna kitu kimepungua. Nasema kweli, niliona. Lakini Mama Mutisya alikuwa amesimama na kikapu mkononi, na ningewezaje kumwambia kwamba sijui, baada ya kuaminiwa?

"Iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa."

Nilitoa nakala mbili, nikazibana vizuri, akaondoka ameridhika. Karatasi ya kwanza, ambayo ilitoka imekunjamana, niliitia kwenye mkoba wangu wa shule.

Jioni hiyo nilipofika mtoni nilisikia baridi ingawa hapakuwa na upepo. Sijui kwa nini niliinua macho. Ukuta ulikuwa pale pale, mrefu, mweusi kwa kiza kilichoanza kuingia, na pembeni mwake palikuwa wazi. Mchanga wa njia mpya ulikuwa mweupe. Nilitoa ile karatasi mkobani nikaiinua mbele ya macho yangu. Ilikuwa picha ya ukuta ule ule. Nilikuwa nimemchapia Mama Mutisya, kwa mikono yangu, ukuta uliomuua mwanawe.

Nilikimbia hadi nyumbani. Baba alikuwa mlangoni akivaa koti lake la ulinzi.

"Umechelewa," alisema.

"Kulikuwa na kazi, baba."

"Kazi gani?"

Mkoba ulikuwa mgongoni na karatasi ndani yake. "Ya kuchapa tu," nilisema.

Alinitazama kidogo, akawasha tochi, akashika njia ya mlimani. Sikula vizuri. Mama aliniuliza kama ninaumwa tumbo nikasema ndiyo, na huo ukawa uongo wa tatu kwa siku moja. Kila nilipofumba macho nilimwona Mutisya, ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri, amesimama kwenye ukingo akiita mbuzi wake, naye hajui kwamba chini yake hakuna kitu.

Asubuhi nilikuwa saiba kabla jua halijapanda. Shangazi alikuwa amesharudi kutoka Makindu, amesimama katikati ya chumba na leso mkononi.

"Nani ameketi hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, shangazi." Nilimweleza yote, mpaka lile neno "iko sawa". Kisha nikamkabidhi ile karatasi.

Nilitarajia anigombeze. Ningefurahi kama angenigombeza. Badala yake aliketi kwenye kiti cha wateja, akainyoosha karatasi juu ya paja.

"Huu ukurasa nimewahi kuuona," alisema.

Alisogea kwenye kompyuta namba tatu. Faili zilikuwa mamia, lakini hakutafuta. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Mchoro ulifunguka kwenye kioo cheusi, na chini yake pameandikwa jina la baba, Kilonzo. Ulikuwa ukuta wa zamani. Kila upande, ukiingia ndani ya ukingo mita nane, kulikuwa na mistari ya manjano iliyokatika vipande vipande.

"Aliyaweka," nilisema.

"Aliyaweka yote. Aliniachia faili akaenda Kitui, nami nikaweka kwa ripoti. Nilikuwa nahurumia wino. Nilifanya kioo kiwe cheupe, nikapiga picha, nikabandika. Vile umefanya wewe."

"Ulijua lini?"

Nje lori lilipita, madirisha yakatikisika.

"Wiki ya mazishi. Nilifungua mara moja, nikaona, nikafunga. Nilisema nitamwambia baada ya matanga. Halafu nikasema baada ya Krismasi." Alifuta uso kwa leso. "Ndugu yangu anapita mlimani miaka sita, Mutanu, na mimi nakula chakula nyumbani kwake kila Jumapili nikimwangalia."

Nilimkasirikia. Nilimpenda shangazi kuliko watu wote isipokuwa wazazi wangu, na siku hiyo nilimkasirikia hadi machozi yakanitoka. Lakini nilikumbuka pia jinsi nilivyosema "iko sawa" kwa urahisi, na jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi mdomoni.

"Tuanze na kazi ya Mama Mutisya," alisema shangazi akiinuka. "Na wewe utaifanya. Mimi nitakaa kando nikikuambia."

Kwanza alinionyesha ubaya wa picha ya kioo. Imetengenezwa kwa vidoti, na ukiikuza vidoti hutawanyika, ukiipunguza mistari myembamba humezwa. Kwa hiyo hatukupiga picha. Tuliiagiza programu itoe mistari yote kwa rangi nyeusi, hata ile ya manjano, na kila mstari upewe unene wake. Kisha tukaihifadhi katika faili inayotunza mstari kama mstari. Kwenye ripoti tuligeuza ukurasa wa saba ukalala kwa ubavu, mchoro wote ukapata nafasi yake, tukauingiza hapo bila kuuvuta pembe hata kidogo. Tulizima na ile kawaida ya programu ya kubana picha wakati wa kuhifadhi. Karatasi ilipotoka hatukuiamini. Nilisoma kila kipimo kwenye kioo kwa sauti, shangazi akakifuata kwenye karatasi kwa kidole. Tulihesabu hata vipande vya mistari ya mabawa.

Ilituchukua saa moja na nusu. Kisha shangazi akafungua tena mchoro wa baba, tukautoa kwa namna ile ile, akafunga saiba siku ya Jumamosi, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Tulimkuta baba uani akinawa miguu kwenye beseni. Shangazi alimpa karatasi mbili, ile ya zamani aliyoitoa kwenye sanduku lake na ile tuliyoichapa asubuhi. Hakupamba maneno.

"Ulikuwa umeyaweka, Kilonzo. Mimi ndiye niliyapoteza. Na nilijua."

Baba alizitazama karatasi, maji yakimchuruzika miguuni. Alipitisha kidole juu ya bawa la kulia, akalifuata hadi mwisho.

"Niliyaweka," alisema. Alirudia mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akamtazama dada yake. "Miaka sita, Nduku."

Aliingia ndani akafunga mlango. Tulisubiri uani hadi mama alipotoka na viti. Baba alipotoka alikuwa amevaa shati safi na macho yake yalikuwa mekundu. "Twende kwa Mama Mutisya," alisema. "Sote." Naye alishika njia ya mtoni.

Mama Mutisya alitukaribisha bila maneno mengi. Nilianza mimi, kwa sababu kosa langu lilikuwa la karibu. Nilimpa ripoti mpya nikaomba zile nakala za jana, nikamwambia nilijua kuna kitu kimepungua nikanyamaza. Kisha shangazi akasema yake. Mama Mutisya aliweka karatasi ya zamani na mpya kwenye paja lake, akazilinganisha mstari kwa mstari. Kuku aliingia akatoka.

"Nduku," alisema, "wewe sina la kukuambia leo. Njoo siku ingine, nikishapata usingizi." Alimgeukia baba. "Na wewe nimekuwa nikipita kando yako kanisani bila kukusalimia. Nisamehe."

Baba aliinamisha kichwa.

Kisha Mama Mutisya alinivuta karibu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa kubeba mawe.

"Sikiza, Mutanu. Karatasi kuharibika si dhambi. Kila mtu anaharibu, tunachapa ingine. Lakini fundi hawezi kuona kile wewe umeona kwa kompyuta. Yeye anajenga kile amepewa, na sisi tunalala chini yake tukiwa tumeamini. Ukifanya kazi ya mtu, iangalie mpaka mwisho. Na ukiona umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaona haya. Haya itaisha. Umelala usiku moja tu na hiyo kitu, na angalia vile umekonda. Shangazi yako amelala nayo miaka sita."

Shangazi alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumatatu ripoti ilifika Wote. Mwezi wa nane, wakati wa likizo, kikundi kilikusanyika mtoni na masururu, machepe na makarai. Shangazi Nduku alikuja na karai lake. Alifanya kazi mwisho wa mstari, peke yake, hadi saa nne, ndipo Mama Mutisya akaenda akasimama karibu naye wakapokezana mawe bila kuzungumza. Injinia Gakenia alikuwa amefunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na fundi ameshika ukurasa wa saba ndani ya mfuko wa plastiki. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa koti lake. Alisimama mbali kidogo, karibu na ule ukuta wa zamani, kama mtu ambaye hakualikwa.

Mama Mutisya alichukua kigingi na tepu ya kupimia. Alivuka mchanga polepole, watu wakinyamaza mmoja mmoja, mpaka akafika mbele yake. Ilikuwa miaka sita tangu alipomwita kwa jina.

"Baba Mutanu," alisema, akimkabidhi kigingi, "tuonyeshe bawa linaishia wapi."